Mlango wa Chumba cha Giza

Mtaani kwao walimwita Mama Studio, na jina hilo alilistahili kuliko watu wengi wanavyostahili vyeo vyao. Katika ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake, hapakuwa na bibi harusi, mhitimu wala mtoto aliyeota jino la kwanza ambaye hakukalia kigoda chake kirefu, mbele ya pazia lililochorwa na marehemu mumewe: bustani, nguzo mbili nyeupe, na ngazi inayopanda kuelekea mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaulizia. Kando ya mlango paliangikwa kioo, na kwenye kioo hicho kitana kilichofungwa kwa uzi, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, binadamu mwamini kwa yote ila si kwa kitana.

Pazia lile lilikuwa na kosa. Mumewe alichora dirisha upande wa kushoto, mwanga ukimiminika kutoka humo. Kisha, sijui kwa haraka au kwa usingizi, akakilaza kivuli cha ngazi kuelekea dirishani humohumo. Kivuli kinaukimbilia mwanga! Wateja hawakukiona kamwe. Yeye alikiona kila siku na hakukubali kirekebishwe, kwanza kwa kuwa kilikuwa utani wao wawili, na baadaye, mwenzake alipotangulia, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha marehemu kilichoweza bado kumchekesha.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kila picha iliyotoka katika studio ile ilipigwa muhuri nyuma wenye jina la aliyeipiga, hata kama ni mwanagenzi wa juzi. Picha isiyo na jina la fundi wake, alisema, ni mali ya wizi. Ya pili ilihusu mlango wa chumba cha giza alimosafishia filamu. Yeyote aliyeugusa huo alipigiwa ukelele mmoja uliosikika hadi njia panda: "Mlango!" Mwanawe wa kiume, angali mdogo, aliufungua siku moja ili aulize kama chakula kiko tayari. Mwanga ukaingia kama mwizi aliyekaribishwa, na harusi nzima ikateketea ndani ya sinia za dawa, kwa kuwa filamu ambayo bado haijasafishwa haistahimili mwanga. Bibi harusi alilazimika kuvaa shela lake upya na kuja kupigwa tena, na katika picha zote za mara ya pili amenuna kama mtu aliyeletwa kwa nguvu.

Kisha simu za mkononi zikamfanya kila mtu mpiga picha, na magoti ya Mama Studio, ambayo yalikuwa yamempandisha juu ya meza, juu ya magari na juu ya matangi ya maji ili aione harusi kwa macho ya ndege, yakagoma. Akafunga studio. Pazia alilikunja akalilaza juu ya kabati.

Mtoto yule mvunja mlango alikua, akajifunza kujenga nyumba zisizo na matofali. Kwa kompyuta alifinyanga kuta, paa, moshi na kutu ya bawaba, kwa ajili ya kampuni ya mbali iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta wa falme na mapanga. Miaka yake mizuri ya ujana aliimimina katika mtaa mmoja wa wahunzi ndani ya mchezo huo. Mchezo ulipokamilika, kampuni ilimshukuru kwa mistari miwili na kumfungia zana zake siku hiyohiyo. Wachezaji wakifika mwisho, orodha ndefu ya majina hupanda kwenye skrini: wakurugenzi wamo, wapishi wa ofisini wamo, mbwa wa ofisini yumo. Yeye hayumo. Walimweleza, bila haya na kwa lugha laini, kwamba alikuwa mtu wa nje. Kumbe mtu anaweza kujenga mtaa mzima na bado akahesabiwa kuwa hajawahi kuingia ndani!

Alirudi nyumbani kimya. Mjomba wake, mwenye ghala la saruji na ulimi usiolala, alimbatiza jina la Fundi Hewa, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema licha ya ulimi huo, akampa kazi ya kupokea na kupanga mifuko kuanzia Jumatatu. Mama Studio alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili.

"Kazi isiyoshikika si kazi, mwanangu," alimwambia. "Mfuko wa saruji ukikuangukia mguuni, utajua umefanya kazi."

"Sawa, mama," alijibu.

Ilikuwa "sawa" ile iliyomchoma dada yake mkubwa, mwanasheria ambaye hata nyumbani aliitwa Wakili kwa jinsi alivyobishana na kila kitu, uji wa moto ukiwemo. Aliona kwamba ndugu yake akiingia ghalani Jumatatu hatatoka tena, na kwamba si mjomba wala kampuni atakayekuwa amemfungia humo, bali neno la mama yao. Basi alasiri ya Jumamosi, Fundi Hewa alipokwenda ghalani kuonyeshwa mahali pake, Wakili aliiweka kompyuta ya ndugu yake juu ya meza ya studio, akafunga madirisha na mlango ili skrini ionekane vizuri.

"Mama, kaa hapa. Leo unapiga picha."

"Kwa kamera gani? Ile yangu ina kutu kama mwenyewe."

"Hii haina kutu. Wala haina magoti."

Akamweleza. Katika mchezo wa kawaida, kamera humfuata shujaa mgongoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Huwezi kuona ila anachokiona yeye. Lakini wapenzi wa mchezo ule, wala si kampuni, walikuwa wametunga programu ndogo ya kuongezea inayoikata kamba hiyo, naye Wakili alikwisha kuipakia. Kamera inakuwa huru: inapaa, inazama, inapita hata ukutani, na mchezaji anapiga picha kutoka mahali popote apendapo.

"Kitufe hiki kinaiachia kamera. Hiki kinaisimamisha dunia, kila kitu kinaganda. Mama, tafadhali, usikisahau hiki cha pili."

Alikisahau. Kamera ilipoachiwa tu, alipaa akashangilia jinsi paa zilivyong'aa kwa mvua, na huku nyuma shujaa, ameachwa wima katikati ya barabara bila wa kumwongoza, akakanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe.

"Mama, umeua mtu!"

"Amejitakia. Nani alimtuma asimame barabarani?"

Mara ya pili alikikumbuka. Akabonyeza, na dunia ikasimama.

Matone ya mvua yalibaki yananing'inia, kila moja na mwanga wake. Cheche zilizoruka kutoka kwenye fuawe ya mhunzi zilitulia hewani kama mbegu za dhahabu zilizorushwa na mpanzi. Mbwa alikuwa ameruka dimbwi na miguu haijagusa chini. Mama Studio, ambaye maisha yake yote alikuwa amewaambia watu wasipumue, aliuona mji mzima umeshika pumzi kwa ajili yake. Mkono wake ulitua juu ya kipanya polepole, kama mtu anayemgusa farasi asiyemjua.

Alimsogelea mwanamke mmoja aliyebeba kikapu, mpita njia ambaye hakuna mchezaji angemtupia jicho.

"Samahani, mama," akamwambia. "Nakuomba picha moja. Ungeinua kidevu kidogo ingependeza."

Wakili akacheka. "Hakusikii, mama."

"Adabu si ya masikio yake, ni ya mdomo wangu."

Kisha akapanda. Alipanda kupita vichwa, kupita vibaraza, kupita mabomba ya moshi, na goti halikulalamika. Alisimama juu ya mnara ambao hata mumewe katika ujana wake asingethubutu kuupanda, akautazama mtaa wa wahunzi ukijikunja chini yake, ukiwa na maji na moto. Machozi yakamlengalenga. "Haya yote," akanong'ona, "kayafanya yule yule aliyekuwa anakula sabuni utotoni?"

Lakini jicho la fundi halitosheki na uzuri. Aliizungusha kamera nyuma ya nyumba ili aone nyua, akakuta hakuna nyua. Nyumba hazikuwa na migongo. Kila moja ilikuwa uso mtupu, ukuta mmoja mwembamba kama karatasi, na nyuma yake utupu wa kijivu.

"Ni pazia!" akasema, na sauti yake ikapoa. "Ni pazia tu, kama letu. Mbele bustani, nyuma misumari. Na huyu ndiye unayetaka nimzuie asiende ghalani?"

Wakili aliinamia skrini kuhakikisha. Hakujua kwamba michezo hujengwa hivyo. Hakujua kwamba wenye kampuni huagiza kile tu ambacho mchezaji atakiona, na kingine chochote hukiita upotevu. Mama Studio akaanza kuirudisha kamera barabarani. Ndipo alipoona, katika safu ile ya nyuso zisizo na visogo, nyumba moja iliyokuwa na mgongo.

Ilikuwa nyumba ya mwisho, nyembamba, isiyo na kibao. Mlango wake wa mbele ulikuwa umefungwa kama mingine. Lakini nyuma ilikuwa na kuta kamili, na kwenye ufa wa mbao mwanga ulikuwa unavuja.

"Pita," Wakili alisema. "Ukuta hauna nguvu juu yako."

Akapita.

Kilikuwa chumba. Katikati palikuwa na kigoda kirefu. Kando ya mlango, kioo. Kwenye kioo, kitana. Kwenye kitana, uzi. Ukutani lilitandazwa pazia lenye bustani, nguzo mbili nyeupe, na ngazi. Mama Studio aliisogeza kamera hadi pazia likajaza skrini yote. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto. Aliufuata mwanga wake kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, kisha kidole kikaifikia ngazi, kikashuka kwenye kivuli, kikaganda.

"Kimeukimbilia mwanga," alisema.

Wakili alimtazama na kuona kwamba mama yake, mtu wa amri na utani, amefunika mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyeingizwa kwenye jumba kubwa la ibada kwa mara ya kwanza.

Mlango wa studio ukafunguka kidogo, Fundi Hewa akajipenyeza ndani akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Akaona skrini. Akasimama pale pale.

"Nani kawaingiza humo?"

"Ukuta," Mama Studio alijibu bila kugeuka. "Mwanangu, nani alikutuma ujenge hiki?"

"Hakuna. Walitaka nyuso tu. Wakaguzi wao hawakutazama nyuma ya mlango uliofungwa, basi nikajenga nyuma yake. Hakuna aliyetarajiwa kukiona, mama. Hata mimi, waliponifungia zana, sikukiona tena. Hii kamera huru sikuijua."

"Ukajenga usichotarajia kionekane."

"Wewe ulikuwa unapiga pasi mgongo wa pazia."

Mama akaguna, ilikuwa kweli, na hakudhani kuna aliyewahi kumwona.

"Umefika chumba cha giza?" mwanawe akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Kipo?"

Hakungoja jibu. Aliipeleka kamera kwenye mlango mdogo wa kona, ikazama ndani ya mbao, ikatokea upande wa pili katika mwanga mwekundu. Sinia za dawa zilipangwa kama alivyozipanga yeye, kubwa mkono wa kulia. Kwenye kamba, kwa vibanio, filamu ndefu zilining'inia, na tone moja la maji lilikuwa limeganda kwenye ncha ya mojawapo.

"Huo ndio mlango uliofungwa kuliko yote duniani," Fundi Hewa alisema. "Mchezaji awe na funguo zote za ufalme, aje na shoka, aje na jeshi, haufunguki. Sogea kwenye filamu."

Alisogea. Ndani ya fremu, mdogo kama punje ya mchele, alikaa bibi harusi mwenye shela. Mama Studio akasogea tena, hadi pua yake ikakaribia skrini.

"Hajanuna," akasema. "Wakili, njoo uone. Bibi harusi wangu anacheka!"

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Aliuliza kitufe cha kupigia ni kipi, akaonyeshwa, akashika pumzi yake mwenyewe, akabonyeza.

"Hii inakwenda kwenye dirisha la studio, mbele ya mtaa mzima," alisema. "Na chini yake jina la aliyejenga, na la baba yake, na la babu yake. Wao wamesahau kuandika; mimi muhuri wangu bado una wino."

"Mama, lakini sina kazi."

"Kazi unayo. Usichokuwa nacho ni mwajiri. Huyo dada yako atamtafuta, na wale walioficha jina lako atawatafuta kwanza."

"Nilikwisha kuwaanza zamani," Wakili alisema.

Mara mlango wa nje ukasukumwa wote kwa kishindo. Mjomba alisimama kizingitini na jozi ya viatu vizito mkononi, na jua la alasiri likaingia pamoja naye, likaangukia skrini, likaifuta yote ikawa nyeupe.

"Dada! Fundi Hewa wako amesahau viatu vya..."

"Mlango!"

Ukelele ulifika njia panda. Mjomba, ambaye aliujua tangu ujana wake, alijikuta amerudi nje na kuufunga kabla akili haijamfikia. Kisha sauti yake ikaja kupitia mbao, ya unyenyekevu usio wa kawaida.

"Dada, nimefanya nini?"

"Umetaka kuharibu harusi ya watu mara ya pili!"

"Harusi ya nani? Na Jumatatu je?"

Mama Studio aliinama tena mbele ya skrini, ambako wekundu ulikuwa umerudi, na tone lile la maji lilikuwa bado halijaanguka.

"Tafuta mwingine wa kupanga mifuko," alimjibu. "Huyu ana nyumba nyingi za kuzitia migongo. Ukitaka kuona, karibu. Lakini bisha hodi, na ungoje nikuambie uingie."