Siku Egidi Alipopita Bila Kusimama

Waliomjua Bwana Shamba Egidi uzeeni walimjua kwa miguu yake. Litembo mpaka Mbinga mjini, jua au mvua, anatembea. Mwenye pikipiki akisimama na kumwambia, "Shikamoo mzee, panda nikusogeze," anashukuru, anakataa, anaendelea na njia yake. Wengine walisema ni ubahili, wengine wakasema amelogwa. Watu nao wakikosa habari hupika yao. Habari yenyewe ni hii.

Mwaka wa sabini na nne Egidi hakuwa mtu wa miguu hata kidogo. Alikuwa kijana wa Kimatengo, msaidizi wa shamba upande wa kahawa, na idara ilikuwa imempa pikipiki. Jamani, alivyojidai nayo! Alikuwa akiwafundisha kulima matuta ya kitaalamu wazee ambao babu zao walichimba mashimo ya ngolo kwenye miteremko ile, na udongo haukuwahi kuwakimbia. Walimsikiliza kwa adabu, akishaondoka wanachimba ngolo zao. Lakini pikipiki waliiheshimu. Ilikuwa na mlio wake, kama mzee mwenye kikohozi, na mtu akiwa jikoni anasonga ugali aliweza kusema, huyo Egidi anapita.

Mkewe, Tadea, alikuwa mtu wa ziwani, kijiji cha ufukweni chini ya Tingi. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Tadea akarudishwa kwao. Egidi hakupata nafasi ya kukaa naye huko, maana ulikuwa mwaka wa kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na kazi ya kupima mashamba haikuwa na mwisho. Akamwambia, "Nitafika kabla ya siku zako. Ukisikia pikipiki, ujue ni mimi."

Kuna jambo moja la ukwe ni lazima lijulikane. Mama yake Tadea, Bibi Ephrasia, na Egidi hawakuwahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima yao. Mkwe akipita, mama anapisha kando ya njia na kujitanda khanga usoni, na kama ana neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Miaka miwili ya ndoa, Egidi hakujua sura ya mama mkwe wake vizuri, na aliona fahari kwamba hakuijua.

Mwezi wa nane, asubuhi, muuza dagaa alimkuta Egidi Mbinga na salamu kutoka ukweni: Tadea ana uchungu tangu juzi, mtoto hatoki, njoo. Egidi hakuaga ofisini. Alipiga pikipiki teke, akaondoka.

Hakufika mbali. Kwenye mteremko mmoja alivuta klachi ili abadilishe gia, mkono ukaja wote bila uzito. Waya ulikuwa umekatika. Na alijua ungekatika. Wiki nzima alikuwa ameona nyuzi zake zikiachana moja moja pale kwenye mkono wa klachi, akasema atashughulikia akipata nafasi. Alikaa chini barabarani akashika kichwa. Alijichukia sana.

Jirani na pale aliishi Mansuetus, fundi baiskeli. Alikuja akautazama waya, akaguna.

"Nina waya wa breki ya baiskeli nyumbani kwa kaka yangu," alisema. "Nikienda na kurudi, jua litakuwa utosini. Tutaufunga, utakufikisha."

"Mke wangu anakufa, fundi. Siwezi kungoja."

Mansuetus aliutazama mteremko. "Basi nenda bila klachi. Tia gia ya pili, nikusukume kwenye mteremko, iwake. Ukitaka kubadili gia, legeza moto kwanza. Lakini usisimame. Ukisimama mlimani umekwisha, utairudisha bondeni kwa mikono yako."

Wakasukuma, ikawaka. Egidi aliondoka akirudia moyoni neno moja tu, usisimame. Kuku walimkimbia, mbuzi walimkimbia. Bwana mmoja aliyemfahamu alimpungia mkono, Egidi akampita kama hamjui.

Akaanza kupanda mlima wa mwisho, ule wa kabla ya kuteremkia Tingi. Pikipiki inalia, inataka kufa, anaibembeleza kwa maneno. Kwenye kona akakutana na machela. Wanaume wanne wamebeba mgonjwa kwenye blanketi lililofungwa mtini, amefunikwa khanga kwa ajili ya jua. Egidi hakumjua hata mmoja wao. Nyuma alikuwepo mwanamke, naye aliruka kando ya njia na kujifunika uso. Vumbi langu, Egidi aliwaza, namtia vumbi mama wa watu.

Sasa, nchi ile nzima, mlimani na ziwani, ukikutana na machela unasimama. Hata uwe na haraka gani. Unaweka mzigo wako chini, unatoa bega, unabeba hatua kadhaa, ndipo unaendelea. Egidi alilijua hilo tangu utotoni. Aliinua mkono mmoja kuomba radhi, akapita. Nyuma yake wanaume walipiga kelele. Alijua wanamtukana, akaona wana haki, na aibu ikamchoma mpaka kileleni. Lakini hakusimama.

Alifika ukweni jua likiwa limepita utosini. Baba mkwe, Mzee Placidi, alikuwa uani peke yake, ameshika fimbo, miguu yake haikuwa ya kupanda mlima tena. Alitazama nyuma ya Egidi, akatazama pikipiki.

"Uko peke yako?" aliuliza.

"Shikamoo baba. Tadea yuko wapi?"

"Ziwa limechafuka siku ya tatu, mtumbwi hauwezi kwenda hospitali ya Liuli. Tangu alfajiri wamemchukua kwa machela kumpeleka hospitali ya Litembo. Mama yake amefuatana nao." Mzee alinyosha fimbo kuelekea mlimani. "Barabara ni moja, mwanangu. Hamkukutana?"

Pikipiki ilikuwa imezimika, na kwa mlima ule bila klachi haikuwa na faida. Egidi aliiacha imelala uani, akaanza kukimbia. Alipochoka alitembea, na alipokumbuka yule mwanamke aliyejifunika uso alikimbia tena. Hakuwa anajikinga na vumbi. Alikuwa anampa heshima yake.

Saa kumi alitokea kileleni. Chini yake, kwenye kona ileile, aliwaona wamekaa. Alifurahi, maskini. Alidhani wanapumzika. Aliteremka akiita jina la mkewe, na hakuna aliyegeuka upesi. Machela ilikuwa chini kivulini, na khanga ilikuwa imefunika mpaka kichwa. Mama na mtoto wake, wote wawili.

Wanaume wanne walisimama wakamwachia nafasi.

Bibi Ephrasia alikuwa amekaa kando ya machela. Hakunyanyuka kupisha, wala hakuvuta khanga. Kwa mara ya kwanza Egidi aliiona sura yake, na ilikuwa sura ya Tadea kabisa. Alimtazama mkwewe machoni, akasema naye mwenyewe bila kumtuma mtu.

"Aliisikia pikipiki kabla yetu," alisema. "Akasema, huyo ni mume wangu. Ulipopita akatuomba tumshushe. Hawa wakataka tuendelee, akakataa, akasema subirini, anatafuta pa kugeuzia." Akainamisha kichwa. "Tukasubiri, baba. Tumesubiri mpaka akatulia."