Nduguye Nasiha Aliye Maskati

Nasiha binti Sheikhan alizaliwa Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ya mamake, Bi Swabaha. Kwa mama alikuwa Mkenya. Kwa baba alikuwa raia wa Oman, kwa kuwa Mzee Sheikhan alikwisha kuchukua uraia wa huko kabla binti hajazaliwa. Utotoni jambo hilo halikumsumbua mtu. Likizo za shule alikwenda kwa babake Maskati, akirudi na udi wa mamake na Kiarabu kilichozidi kumnyooka ulimini.

Alipotimiza miaka ishirini na mmoja ilimbidi achague, maana sheria ya Kenya siku hizo haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Akaukana uraia wa Oman. Mzee Sheikhan aliona ni yeye aliyekanwa, akakaa muda mrefu bila kumpigia simu. Walipatana baadaye, lakini neno hilo hawakulizungumza tena.

Nasiha akaajiriwa katika ofisi moja ya serikali upande wa Shimanzi, mkalimani wa mabaharia Waarabu waliougua bandarini au kugombana na manahodha wao. Mwaka 1997 mkuu wake alimwita, akamwambia wanataka kumhamishia chumba cha ndani, kunakotafsiriwa habari za siri za usalama. Ila hakuingia mtu mle bila kuchunguzwa kwanza.

Kazi ya kumchunguza alipewa Crispus Menza, mtu wa Kaloleni, mpole wa maneno. Alizungumza na majirani, akanywa kahawa kwa Bi Swabaha, kisha akamwita Nasiha. Loise, aliyekaa naye ofisi moja, alikuwa amemshauri kwamba akiulizwa habari za kakake, Khubaib, aseme ana duka la nguo. Kweli ni kwamba Khubaib, aliyelelewa na baba huko Maskati, alikuwa afisa katika jeshi la Oman.

Nasiha aliulizwa, akasema kweli. Akasema pia kwamba huongea na nduguye kila Ijumaa baada ya swala.

Crispus aliyaandika hayo, kisha akauliza, "Bi Nasiha, huwezi kupunguza hizo simu?"

"Naweza kupunguza simu," alisema. "Undugu siwezi."

Jibu lilichukua majuma kadhaa. Crispus alikuja mwenyewe kumpa, ingawa hakulazimika: chumba cha ndani amenyimwa. Alimweleza kwamba hakuna aliyemshuku yeye. Wakubwa walihofia tu kwamba siku moja mtu angeweza kumbana kupitia kwa Khubaib. Uraia alikuwa ameukana, na hilo walilihesabu kuwa jema. Ndugu hakanwi kwa sahihi.

"Kiarabu changu mwakitaka," Nasiha alisema, "nilikokipata mwakuogopa."

Crispus alimpa mkono, akaondoka.

Siku zile Nasiha alikula kidogo na kulala mapema. Bi Swabaha alimpikia mahamri aliyoyapenda na kumwachia nafasi. Ijumaa ilipofika, Khubaib alisikia sauti ya dadake imebadilika, akambana mpaka akamwambia. Khubaib akasema yuko tayari kuliacha jeshi, akitaka. Nasiha alimkemea kama mtoto mdogo: ana mke, ana watoto, na kazi anaipenda. Chumba kile hakikuwa na thamani hiyo.

Kisha baba akachukua simu. Alikuwa ameketi karibu na Khubaib, amesikia yote.

"Uliniacha kwa ajili yao, nao sasa wakukataa kwa ajili yetu," alisema, bila hasira. "Rudi kwetu, mwanangu."

Nasiha alitazama nje, ambako Bi Swabaha alikuwa akibishana na muuza samaki.

"Baba, mimi niko kwetu," alisema.

Mzee Sheikhan akamuuliza kama mvua zimeanza Mombasa. Waliongea habari za mvua kwa kitambo. Jumatatu Nasiha alirudi kazini, ambako baharia mmoja wa Salala, huko Oman, alikuwa akimngoja amfasirie kwa daktari.