Muhonja Atumwa Kupinga Chakula cha Bure

Kengele ya mchana ilipolia katika shule ya msingi pale mtaani Baba Dogo, Muhonja alikuwa tayari amefunua sufuria. Githeri yake ilijulikana mtaa mzima: mahindi laini, maharagwe mazima yasiyopondeka, kitunguu bila ubahili. Shuleni kulikuwa na chakula, lakini cha wale ambao wazazi wao walichangia. Waliobaki walitoka mbio hadi langoni. Mwenye sarafu alinunua kwa Muhonja au kwa Nduta, jirani yake wa chapati. Asiye nayo alizurura tu mpaka saa ya kurudi darasani.

Lorine wa gredi ya sita alikuwa kati ya hao wa kuzurura, ila hakukubali aonekane hivyo. Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwa Muhonja, mikono nyuma, akauliza kama mteja.

"Mama Dishon, leo umeweka maharagwe gani?"

"Nyayo."

"Na jana?"

"Jana yalikuwa wairimu."

"Nyayo ndiyo matamu," Lorine alisema. Alivuta pumzi ndefu juu ya mvuke, akaenda zake.

Siku moja Muhonja alimpakulia sahani. Mtoto akatikisa kichwa, akasema ameshiba. Muhonja hakubishana naye. Tangu siku hiyo, wateja wakiisha, alikuwa akimwita amsaidie kusuuza mabakuli, kisha wanakaa pamoja kumaliza kilichobaki chini ya sufuria. Kwa njia hiyo Lorine alikula, lakini ni siku zile tu ambazo sufuria ilibaki na kitu.

Ndipo Nduta akaja na habari kwamba kuna mswada kwenye bunge la kaunti. Ukipita, watoto wa wazazi wasiojiweza watakula shuleni bila kulipa chochote.

"Sisi tutamuuzia nani? Hilo lango litabaki na paka," Nduta alisema.

Wauzaji wa pale langoni walikutana jioni hiyohiyo, na hawakuchukua muda kumchagua msemaji. Wananchi walikuwa wameitwa kutoa maoni kwenye ukumbi wa jamii, na mwenye mdomo kati yao alikuwa Muhonja. Naye alikubali kwa moyo mmoja. Sufuria ile ndiyo iliyomlea mwanawe Dishon tangu chekechea mpaka akaajiriwa kwenye kiwanda cha plastiki, na hakuwa tayari kuiona ikigeuzwa kiti.

Siku ya kikao alivaa gauni lake la kanisani. Nduta na wenzake walikaa mstari wa mbele ili wampe nguvu. Alipoitwa alishika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho.

"Jina langu ni Muhonja. Nauza githeri langoni. Nimetumwa na wenzangu kupinga huu mswada."

Nduta alipiga makofi.

"Hawa watoto ni wateja wetu. Tunawajua mmoja mmoja. Tunajua nani hupenda mchuzi, nani huchagua mahindi akaacha maharagwe, nani…"

Hapo akakwama. Aliyefuata kichwani mwake alikuwa Lorine, mikono nyuma.

"Endelea, mama," mwenyekiti wa kamati alisema.

"Nani huja kunusa," Muhonja alimaliza.

Alijaribu kurudi kwenye maneno aliyojifunza nyumbani, yakakataa kuja.

"Kuna mmoja huniuliza kila siku nimepika maharagwe gani, na hajawahi kununua. Nikimpinga huyo hapa, kesho nitamtazama vipi?"

Karani aliinua kalamu. "Sasa mama, niandike unapinga ama unaunga mkono?"

"Andika nilitumwa kupinga, nikashindwa."

Watu waliangua kicheko, mwenyekiti pia. Muhonja alingoja kitulie, kwa kuwa hakuwa amemaliza. "Na hao wa kula bure msiwawekee foleni yao. Iwe foleni moja, sahani moja. Mtoto mkimtenga, atawaambia ameshiba."

Njiani kurudi, Nduta alimtangulia hatua nyingi. "Tulikutuma chumvi, ukaturudia na sukari," alisema bila kugeuka. Kesho yake alihamisha meza yake upande wa pili wa lango, na salamu zikakatika.

Mswada ulichukua miezi, lakini ulipita, na kipengele cha foleni moja kilikuwemo. Kama kiliingia kwa ajili ya Muhonja au kilikuwemo tangu mwanzo, hakuna aliyejua. Yeye aliwaambia watu ni chake.

Muhula ulipofunguliwa kengele ya mchana ililia na lango halikutoa mtoto hata mmoja. Muhonja alisogea kwenye ua, akachungulia. Lorine alikuwa katikati ya foleni akigombana na msichana aliyemruka, sahani mkononi, sauti juu. Hakutazama langoni hata kidogo. Muhonja hakukumbuka lini alifurahi hivyo kusahauliwa.

Lakini sufuria ilikuwa imejaa. Alimpigia Dishon simu.

"Huko kiwandani mchana mnakula nini?"

"Mkate na soda. Kwani?"

"Ambia wenzako wangoje."

Aliita mkokoteni, kisha akavuka hadi kwa Nduta, aliyekuwa ameketi mbele ya rundo la chapati zinazopoa.

"Mama Eve, panga chapati twende."

"Mimi bado nimekukasirikia."

"Kasirika ukipanga."

Nduta alimwangalia, akaangalia chapati, akaanza kuzifunga. Njia nzima alilalamika juu ya jua, vumbi na mwenye mkokoteni. Langoni mwa kiwanda vijana waliwazunguka kabla hawajashusha vitu vyote, na chapati ndizo zilizotangulia kuisha.

"Kesho nitakanda unga mara mbili," Nduta alisema, akijipangusa jasho. "Na wewe, tia pilipili. Hawa si watoto."