Nyumba Tulizokwenda Kuaga

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana upande wa Kinango, huku ndani kukavu. Chama chetu cha kujitolea kilialikwa kijiji kimoja karibu na Kibuyuni, tukapake rangi darasa la chekechea na kuwasaidia akina mama kwenye kilimo cha mwani. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kukanyaga maji ya bahari, nami nilikuwa mmoja wao. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wameniuliza sana: ulikuwa umewahi kufika huko? Una ndugu huko? Sikuwahi. Sina.

Akina mama walitupokea kwa vigelegele. Kila msichana aliyeshuka basini alipigiwa vyake. Nilipokanyaga chini mimi, vikakatika. Mama mmoja aliyekuwa mbele alijiziba mdomo kwa upindo wa leso. Mwengine akasema "Bismillahi" kwa sauti ya chini, kisha vigelegele vikaanza tena, vya haraka haraka, kama watu wanaofunika kitu.

Mwalimu wetu alikuwa hajaanza kutugawa kwenye nyumba za wenyeji, yule mama aliyejiziba mdomo akaja moja kwa moja akanishika mkono.

"Huyu nitamchukua mimi."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa mbali."

Nilidhani anazungumzia Kinango. Mwalimu alimwongezea rafiki yangu wa bwenini, tukafuatana naye.

Nyumbani kwake, rafiki yangu alipewa leso ya kubadilisha. Mimi nilitolewa dera kutoka ndani ya sanduku, linanukia udi. Lilinikaa mabegani kama lililokatwa kwa ajili yangu. Mchana tulipakuliwa wali wa nazi na mchuzi wa pweza, lakini sahani yangu ilikuja na kipande cha samaki.

"Wewe hupendi pweza," mama alisema, bila kuuliza.

Ilikuwa kweli. Tangu niliposikia harufu yake uani nilikuwa nafikiri namna ya kumkataa pweza yule kwa adabu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata rafiki yangu.

Siku iliyofuata maji yalipokupwa tuliingia shambani kwa mwani. Bahari ilikuwa imerudi mbali kabisa, jua liko utosini, na weupe wa mchanga ulifanya watu waonekane kama hawana miguu. Tulipewa vipande vya mbegu tuvifunge kwenye kamba. Nilifunga kimoja, cha pili, nikashika kasi. Mama mdogo, yaani mdogo wake mwenyeji wetu, alikuwa kando yangu. Mikono yake ikasimama.

"Nani amekufundisha kufunga hivyo?"

"Nimewatazama nyinyi, mama."

"Sisi hatufungi hivyo," alisema. Akainama, akaendelea na kazi yake.

Rafiki yangu hakuwa mtu wa kuficha jambo. Jioni ile, mama mwenyeji alipokwenda kuswali, alinivuta tukamfuata mama mdogo kwenye mbuzi, alipokuwa akikuna nazi, akamuuliza waziwazi kuna nini baina yangu na watu wa kijiji kile.

Mama mdogo aliendelea kukuna. Akatueleza kwamba dada yake alikuwa na binti. Binti yule alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Aliondoka alfajiri bila kuaga mtu, kwa kuogopa atazuiliwa. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Kisha simu ikanyamaza, na wakala aliyempeleka naye hapatikani.

"Hatujui tumwombee arudi au tumsomee hitima kama marehemu," alisema. "Tumekaa tu hivi."

"Nafanana naye?" niliuliza.

Alitazama nazi yake, hakunitazama mimi. "Sura, kidogo. Mwendo ndio."

Asubuhi nilimweleza mwalimu. Akaniuliza kama nataka kuhamishwa nyumba nyengine. Nikasema hapana. Nilimhurumia mama yule, na jambo jengine ambalo sikumwambia mwalimu, nilikuwa nimelala vizuri kwenye chumba kile kuliko nilivyowahi kulala kwetu.

Siku yetu ya mwisho, baada ya alasiri, mama alinijia uani. Alikuwa amejitanda leso mpya.

"Mwanangu, nina ombi. Ukikataa sitakasirika. Mwenzio aliondoka bila kuaga. Nataka twende sote, tukaage nyumba kwa nyumba."

Nilikubali. Rafiki yangu alitufuata nyuma.

Watu walitoka milangoni kama waliokuwa wakitungoja. Walinishika mkono kwa mikono yao miwili. "Nenda salama," waliniambia. "Tusamehe tulipokukosea." Mzee mmoja aliniombea dua ndefu. Hakuna aliyetaja jina lolote, langu wala la yule mwengine. Nami nilijikuta najibu, "Nami nisameheni," kama mtu mwenye la kusamehewa pale.

Tulipopita ukuta wa madrasa, njia iligawanyika. Nilishika ya kushoto, nikainama chini ya tawi la mkorosho, nikazunguka nyuma ya choo cha makuti kuelekea mlango mdogo wa uani. Hapo rafiki yangu alinivuta dera.

"Nani amekuonyesha huku?"

Nikasimama. Nilikuwa nimewatangulia wote. Mama alikuwa nyuma yangu, mkono kifuani.

"Ndiko," alisema taratibu. "Ndiko kwa bibi yake."

Rafiki yangu alikataa kuendelea, akabaki kule kwenye mkorosho. Mimi na mama tuliingia. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho yake yameshazimika kwa uzee. Mama alinikalisha mbele yake, nami nikamwamkia. Bibi alinipapasa uso polepole: paji, masikio, shingo.

"Siye huyu," alisema.

"Najua, mama," mama alijibu.

Nilishusha pumzi. Lakini bibi aliinua uso wake kuelekea mlangoni, nyuma yangu.

"Ila amekuja naye. Mwambieni aingie, mbona anasimama juani?"

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na ua ulikuwa mtupu. Pazia halikutikisika. Bibi aliunyoosha mkono wake ukapita bega langu, akaufumba kidogo, kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake. Akaanza kusema kwa Kidigo. Mimi ni Mduruma, lugha zetu ni ndugu, nilimwelewa karibu yote, na sitayaandika. Yalikuwa maneno ambayo bibi yeyote angemwambia mjukuu anayesafiri. Ubaridi ulinishika kisogoni wakati wote aliosema, hata alipoufumbua mkono.

"Basi," alisema. "Ameaga."

Tulipotoka, mama alilia kwa mara ya kwanza, kilio kikubwa cha matanga. Wanawake walitoka majumbani bila kuitwa, wakamzunguka.

Baada ya wiki kadhaa mwalimu alinipa salamu: hitima itasomwa, na mama ameniomba nifike. Baba alisita. Mama yangu mzazi, ambaye ni mtu wa kanisa, akafunga kitambaa kichwani na kusema tutakwenda wote wawili. Kisomo kizima aliketi kando yangu, amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma. Watu walipokwisha kula, alimwendea mwenyeji wetu, bado amenishika.

"Pole sana, dada. Lakini huyu ni wangu."

"Najua, dada yangu. Nilimwazima tu."

"Na sasa?"

"Sasa nimekurudishia."

Mama yangu akauachia mkono wangu. Habari kutoka Uarabuni hazijaja mpaka leo. Siku ile wao wawili walikwenda uani wakachukua sufuria za pilau, wakakaa kwenye vigoda wakiziosha pamoja na kuulizana kama mvua imenyesha.