Bei ya Mlenda wa Kujichumia

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, mama yangu akiwapakulia ugali wa uwele na mboga ya mlenda mafundi wa kuchomelea pale Kizota. Mimi nilikuwa msichana wa kuosha sahani, na nilijivunia wingi wa wateja wetu. "Kizuri chajiuza," mama alipenda kusema.

Bei yake ilikuwa chini kuliko ya mabanda yote jirani. Aliipangaje? Alihesabu unga na chumvi, vitu vya dukani, basi. Mlenda tulichuma wenyewe wakati wa mvua, tukaukausha. Kuni alizifuata mwenyewe porini, kila mwaka mbali zaidi, maana viwanja vilipimwa na miti ikakatwa. Kwetu Wagogo cha kujichumia hakiulizwi bei, na mama aliibeba desturi hiyo ya nyumbani mpaka kwenye biashara.

Siku hiyo shangazi yake, muuza karanga kutoka Bahi, alimwona akijishika kiuno.

"Mwanangu, huo mgongo uliununua duka gani?"

Mama akacheka. "Shangazi, nikipandisha bei watanikimbia. Hawa ni kama wanangu."

"Hao wanao umewauliza?"

Hakuwauliza. Mwaka uliofuata alianguka na mzigo wa kuni. Akiba hatukuwa nayo, kwa hiyo hospitali tulimfikisha tumechelewa. Tukamzika. Watu huniambia mama yangu alikuwa na moyo wa dhahabu, nami naitikia, lakini bado namkasirikia, Mungu anisamehe. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulikula.

Msibani, fundi mmoja mtu mzima alinijia, kofia mkononi.

"Dada, tungeongeza," akasema. "Tulidhani bei ile inamlipa. Angesema tu, tungeongeza."

Akakaa chini akalia kama mtoto.

Sasa nawe unafungua banda la chakula Chamwino. Usipange bei kwa woga, mwanangu. Hesabu unga na mkaa, halafu hesabu miguu yako, na siku utakayougua. Ukipandisha, mweleze mteja sababu. Wa kuondoka ataondoka, na wa kubaki atabaki akijua. Huruma ikikushika, mpe mwenye njaa sahani bure kabisa, hiyo ni sadaka na ina thawabu zake. Ila bei iache iwe bei.

Haya, nenda. Mungu akujalie riziki ya kuwashibisha watu, na wewe mwenyewe ukiwemo.