Si Ndizi Iliyomwangusha Mke Wangu, ni Dawa Yangu ya Bei Chee

Mkosaji ni mimi. Nalisema hilo kwanza, maana nikianza kusimulia huwa napita Mkuyuni, napita Kiroka, na nilichotaka kusema kinabaki njiani.

Mke wangu, Mama Agnesi, alikuwa na kisukari, kile cha kujichoma sindano kila asubuhi. Tulikaa Matombo, juu kabisa, tukilima ndizi na mboga. Dawa yake tulipewa hospitali mjini bila kulipa. Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Maduka yakajaa kila kitu, sabuni za kunukia, redio, makoti ya mitumba. Ila dirisha la hospitali likabaki na jibu moja: "Dawa hakuna, mzee. Kanunue nje."

Nje! Basi nikaenda kununua dawa kama nilivyozoea kununua mbegu za kabichi: unazunguka maduka yote, unauliza bei, unaondoka umenuna.

Duka la kwanza lilikuwa na binti wa koti jeupe. Akaniamkia vizuri, akanitajia bei, nikashika kichwa.

"Mjukuu wangu, unauza chupa au unauza ng'ombe?"

Akacheka. "Babu, bei yangu ina friji ndani yake. Dawa hii haitaki joto."

"Kwani friji nalo linaumwa sukari?"

Watu wakaangua kicheko. Nikatoka kifua mbele. Mjinga mimi!

Mtaa wa Mwembesongo, huko huko mjini, nikampata bwana mmoja anauza viberiti, kanga na dawa, vyote rafu moja. Chupa ile ile, karatasi ya rangi ile ile. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, maana darasa la tatu nilitoroka baada ya padri kunichapa kwa ajili ya mapera yake. Na mapera yenyewe yalikuwa machungu! Haya, tuyaache. Nilichoelewa ni kwamba bei ilikuwa nusu. Nikabembeleza, akashusha tena. Nikadai nyongeza kama sokoni, akanipa chupa ya pili bure!

"Mzee, wewe utanifilisi," akasema.

Nilipozishika, chupa zilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Jua la dirishani lilikuwa likizipiga. Nililiona hilo, ndugu zangu, sitasema sikuliona. Nikajiambia: mchicha ukinyauka si tunaunyunyizia maji, ukikaa kivulini unaamka? Na nyumbani tuna mtungi wa mchanga mbichi, ndimo Mama Agnesi alimohifadhi dawa yake. Itaamka.

Hela iliyobaki nikajinunulia koti la mtumba.

Mke wangu akaipokea dawa, akaiinua kwenye mwanga. "Baba Agnesi, mbona ina vipande kama maziwa yaliyokatika? Umenunua wapi?"

"Kwa binti mwenye friji."

Ulimi wangu huu! Akaniamini. Akaiweka mtungini, na asubuhi akajichoma.

Siku ya tatu alikuwa anakunywa maji na hatosheki. Siku ya nne pumzi yake ikanuka kama tunda lililoiva likapitiliza, na akili inamtoka na kurudi. Vijana wakamshusha kwa machela mpaka barabarani kutafuta gari. Nilimfunika koti langu jipya. Akalipapasa, akasema kwa taabu, "Koti zuri, mume wangu."

Hospitali walimwokoa. Aliponyanyua kichwa, muuguzi akamsimamia kitandani. "Mama, ulikula nini wewe? Mnapenda utamu, halafu mnatuletea kazi!"

Mke wangu akainama kama mtoto aliyeiba. "Nilionja ndizi mbivu, mwanangu. Moja tu."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Chupa niliyoichomoa mtungini imo mfukoni mwa koti. Nikanyamaza!

Chupa zote mbili nilizitumbukiza chooni. Toka siku ile nilinunua kwa yule binti wa friji, bila kubishana hata senti. Niliuza mbuzi, niliuza na lile koti. Lakini kusema sikusema.

Na Mama Agnesi hakula ndizi mbivu tena. Mtu wa Matombo! Mkungu ukiiva anawagawia majirani, anabaki kunusa mikono. Pasaka moja akaniuliza taratibu, "Baba Agnesi, leo nionje kipande?"

Mnajua nilimjibu nini? "Umesahau yaliyokupata?"

Akakirudisha sahanini.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na amezikwa akiamini ulafi wake ndio uliomwangusha.

Sasa ninyi mnaozunguka madukani mkilinganisha bei za sindano, linganisheni, umaskini si dhambi. Lakini uliza pia dawa ilikaa wapi. Ishike. Itazame kwenye mwanga. Mchicha huamka, dawa iliyopigwa jua haiamki, hata uizike kwenye barafu! Na ukishakosea, sema mapema, mwenzio akiwa bado ana masikio ya kukusikia na mdomo wa kukutukana. Laiti angenitukana!

Mimi nimesema leo, gazetini. Na Mama Agnesi kusoma hakujua.