Niliiongezea kompyuta rangi ili mume wangu amwone marehemu mkewe

Msomaji huyu yuko Gisenyi, Rwanda. Ametuomba tumfiche, nasi tumemficha. Mengine yote ni maneno yake.

Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, na mimba yangu sasa inaonekana. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda baada ya mauaji ya mwaka 1994. Hapa ndipo nilipokutana na mume wangu. Ni mwalimu wa sekondari, amenizidi miaka kumi na kidogo. Mke wake wa kwanza na binti yao waliuawa mwaka ule. Hakunificha. Aliniambia kabla hajaja kwetu kunichumbia, nami nikamkubali nikijua ninaingia kwenye nyumba ya mtu aliyefiwa.

Tuna chumba karibu na soko tunapopiga chapa barua na kadi za harusi. Kompyuta tuliinunua kwa wazungu waliokuwa wanafunga ofisi yao, ikiwa imechoka, lakini kwa kuandika ilitosha. Basi mwaka jana rafiki yake wa zamani anayeishi Ubelgiji akamtumia disketi kwa mkono wa msafiri. Ndani kulikuwa na picha ya ubatizo, na mke wake na mtoto wamo. Picha yenyewe yule rafiki hakuweza kuiachia, kwa sababu mama yake yeye, naye marehemu, yumo humo humo, kwa hiyo aliipitisha kwenye mashine ya kunakili akaiweka kwenye disketi. Mume wangu hakuwa na picha yao hata moja. Nyumba yao iliporwa, kisha ikachomwa.

Alipoifungua, kioo kilijaa madoa ya kijani na zambarau. Ungejua kwamba hapa pamesimama watu, lakini sura hakuna. Alisogea mbele, akarudi nyuma, akafunga dirisha ili mwanga usimsumbue. Mwisho akaniuliza, "Wewe unaona nini?" Nikamwambia naona gauni. Aliinama pale mezani akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Ndugu zangu, ni mimi niliyekwenda kumtafuta fundi. Mimi huvuka mpaka kwenda Goma, Kongo, kuuza nguo, na huko namfahamu fundi mmoja mtu mzima, mpole. Alikuja, akaifungua ile kompyuta, akatikisa kichwa. "Mama, mashini haijakufa. Ni rangi ndiyo inakosa. Carte ya picha, kile kipande cha ndani, iko ya zamani sana, haiwezi kuonyesha muzuri sura ya mutu. Na memwari tutaongeza, juu bila ile itakuwa inalala tu." Hivyo vitu nilivileta mwenyewe kutoka Goma, nimevifunga ndani ya kitenge, nikitembea polepole visigongwe. Nilitaka mume wangu afurahi.

Fundi alivipachika, akaiwasha, akairekebisha mpaka rangi zikakaa sawa. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Ukuta wa kanisa, kisha nywele, kisha uso. Mwanamke mzuri, amevaa mshanana wa manjano, vazi letu la sherehe, amemshika mkono mtoto mwenye pengo la meno. Mume wangu alisema kwa Kinyarwanda, "Ni bo." Ni wao. Akaweka kiganja kwenye kioo. Siku hiyo nililia pamoja naye, na nilijiona nimefanya jambo jema kuliko yote katika ndoa yetu.

Sasa ile picha ameiweka iwe ndiyo inayotokea kila kompyuta inapowashwa. Akitoka shuleni hanipitii nyumbani, anakwenda pale anakaa. Nikimweleza kwamba mtoto amecheza tumboni anasema "vizuri", macho yako kwenye kioo. Juzi nilimpelekea chakula nikamkuta na mteja, mama wa makamo aliyekuja kuchapisha kadi. Yule mama akatazama kioo akauliza, "Huyu ndiye madamu?" Mume wangu akajibu, "Ndiyo, ni madamu wangu." Mimi nimesimama mlangoni na sahani, na tumbo hili. Mteja alinisalimia kama mtumishi wa nyumbani.

Nilipomuuliza jioni ile hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika. Alisema, "Wewe niko nawe kila siku. Wao nawapata pale tu." Halafu akaniambia kwamba tukijaliwa msichana, angependa aitwe jina la yule binti.

Kuna jambo limenipata wiki hii ambalo sijamwambia mtu isipokuwa mama yangu. Diski ya ndani ya kompyuta imeanza kupiga kelele na fundi anakuja Jumamosi kuweka mpya. Ile disketi ilipigwa na jua, haifunguki tena. Yule rafiki wa Ubelgiji amehama, barua mbili zimerudi. Kwa hiyo picha iko kwenye hiyo diski ya zamani peke yake. Mume wangu Jumamosi anasimamia mitihani. Fundi ameniuliza, "Mama, vyote vya ndani nihamishe, ama tuanze mupya?" Nikamwambia nitamjibu akifika.

Mama yangu anasema, "Mwanangu, nyamaza tu. Diski huharibika kila siku, nani atakulaumu?" Lakini jana nilikuwa peke yangu pale, nikaiwasha nimtazame yule mtoto. Anacheka. Hajanikosea kitu, wala mama yake. Nikihamisha, nitazaa na kulea nikiwa mgeni mbele ya ile picha. Nikinyamaza, nitakuwa nimewaua mara ya pili, na nitalala kitanda kimoja na baba yao.

Ninyi mlioolewa na waliofiwa, na ninyi mliofiwa mkaoa tena, naombeni mniambie ukweli hata kama unauma. Nimjibu nini fundi?